Baruti Nusu kwenye Bunduki ya Babu

Bi Ardis mpendwa,

Naomba msaada wako kwenye ukurasa wako wa gazeti, na naomba uharakishe, kwa sababu leo ni Alhamisi na msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo, zimebaki siku tisa tu, na mimi nimejifungia chumba cha chini ya nyumba nimewasha mashine ya kufulia ingawa ndani yake kuna taulo mbili, ili mume wangu akisikia inazunguka asishuke kuniuliza nafanya nini huku muda wote huu. Majina nitakayoandika nimeyabadilisha, na ukiona bado yanajulikana tafadhali yabadilishe tena.

Mimi nimeolewa huku kaskazini miaka kumi na minne. Baba mkwe wangu, tumwite Delmar, ana kambi ya uwindaji ng'ambo ya kinamasi, nyumba ya magogo aliyoijenga na kaka zake mwaka 1961, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyelala humo hata usiku mmoja. Sisi wake zao kazi yetu ni kupika, tunapeleka saladi ya viazi na soseji na pai za malenge mpaka getini, mtu mmoja anatoka kuvipokea, anasema asante, anafunga geti, basi tunarudi nyumbani. Nimefika geti hilo miaka kumi na minne. Na mimi Bi Ardis si mtu wa kupika tu, marehemu baba yangu alinifundisha kupima baruti kwa mizani kabla sijajua kuendesha baiskeli, risasi ninazojaza mwenyewe kwenye meza yangu huku chini ndizo Craig, mume wangu, anazopigia kulungu kila mwaka, na kule kambini wanazisifu, lakini mjazaji mwenyewe mwisho wake getini.

Sasa katika ukoo huu kuna desturi, labda umeisikia. Mtoto akitimiza miaka kumi na mmoja, Jumapili ya kwanza ya Septemba wanampeleka kwenye shimo la kokoto, anapewa bunduki ya Delmar, ile kubwa, nzito, anapiga risasi kumi kwenye sahani za karatasi huku wajomba na ba'mdogo wote wamesimama nyuma wanamtazama kama atafumba macho. Akimaliza kumi anaingia kambini, na sahani zake zinapigiliwa misumari ukutani zikiwa na jina lake. Asipomaliza anangoja mwaka mwingine. Binti yangu Lottie ndiye mtoto wa kike wa kwanza kuomba. Delmar alicheka mpaka akakohoa, akasema mbele ya watu wote mezani, "Sawa, apige. Ya tatu tu, atarudi mwenyewe kwa mama yake."

Bi Ardis, Lottie ana kilo thelathini na nne. Kitako cha bunduki ile ni kirefu kwake, ili jicho lifikie darubini inabidi anyooshe shingo mbele, na mwezi wa nane mzee alipotuazima bunduki nikampeleka kujaribu, risasi ya kwanza tu bunduki ilirudi nyuma, darubini ikamchana juu ya nyusi, damu mpaka kidevuni. Hakulia. Alishika shati lake akajifuta akasema, "Usimwambie baba. Sema nimejigonga na mlango wa friji." Kuanzia siku hiyo kila akishika ile bunduki alikuwa anafumba macho na kuirusha juu kabla haijalia. Siku moja nilimpakilia ganda tupu bila kumwambia, akafyatua, ikasema tik, lakini mtutu uliruka kana kwamba mtu ameupiga ngumi. Nikajua hofu imeshamwingia mwilini.

Nilimpeleka dukani. Muuzaji akamletea bunduki ndogo, ile ya mbili-arobaini-na-tatu yenye kitako kifupi, akaiweka begani kwake akarudi nyuma kumtazama, akasema, "Mama, hii imemkaa kama koti lake la shule." Kweli ilimkaa. Lottie akaishusha taratibu akasema, "Hiyo ni ya watoto. Mimi nataka ya babu." Nilipofika nyumbani nikamwambia Craig, naye akanijibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Ukimnunulia hiyo, baba hatamruhusu hata kugusa geti. Brock alipiga kubwa." Brock ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, alipiga risasi zake kumi mwaka jana.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nilishuka huku chini nikajaza risasi za baruti kidogo. Si za hatari, najua kazi yangu, nilifuata kitabu na mizani, ni risasi laini ambazo hata watu wazima wenye mabega mabovu wanazitumia, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha na zile za kawaida, labda uzipime. Nikampakilia bila kumwambia kitu. Akapiga. Akageuka kunitazama macho yamemtoka, "Mama! Haipigi!" Mimi badala ya kumwambia ukweli nikamwambia, "Umepata nguvu, mwanangu."

Bi Ardis, furaha ya yule mtoto siku ile sijawahi kuiona. Kila alasiri akawa ananivuta mkono twende shimoni. Hofu ikamtoka, akaacha kufumba macho, akapiga sahani katikati. Na kwa kuwa risasi laini zinaenda chini zaidi, nikazungusha darubini kuipandisha. Darubini ambayo Delmar anaapa haijaguswa miaka ishirini.

Septemba ikafika. Alipiga zote kumi. Delmar alikuwa ananyanyua kidole kimoja kimoja kuhesabu, alipofika kumi alivua kofia, na yule mzee, Bi Ardis, macho yake yalilowa. Akasema, "Huyu ni damu yangu." Halafu akanigeukia mimi, mbele ya wote, akasema, "Na mama yake aje. Anayeweza kumfundisha mtoto hivi hawezi kuachwa getini." Mimi na Lottie tumepewa vitanda. Nimeshanunua hata soksi za sufu.

Kuanzia siku hiyo sijala kwa amani. Kwanza ni Brock. Mtoto yule mwaka jana alipiga risasi kumi za kweli, alitoka machozi kuanzia ya nne, akamaliza, bega likawa jeusi wiki mbili. Lottie sasa anamkejeli kila Jumapili kwenye chakula. "Ulilia kwa ajili ya ile? Brock, ile haipigi hata kidogo! Mimi nilidhani utani!" Wakubwa wanacheka. Brock anakata nyama yake, na mke wa mjomba wake, yaani mimi, ninayejua ukweli wote, ninampitishia bakuli la mchuzi.

Pili, Delmar amempa Lottie sehemu yake mwenyewe ya kuvizia, kibanda cha mbao kinachotazama uwazi mkubwa, na kulungu hutokea upande wa pili kabisa, hatua mia na hamsini. Risasi zangu laini hatua sabini zinaua vizuri. Hatua mia na hamsini zitamjeruhi mnyama akakimbilie kinamasini, afe baada ya siku tatu. Nimefikiri nimrudishie risasi nzima, za baruti kamili, kimyakimya, lakini ndiyo ile darubini na ile nyusi na ile hofu, itakuwa yote imerudi asubuhi moja. Nimefikiri nimwambie, lakini nikimwambia ninamvua kila kitu, na Delmar atafunga geti, na Craig ataaibika mbele ya ndugu zake. Nifanye nini?

Bi Ardis, nimefungua tena bahasha. Leo ni Ijumaa na mambo yameharibika zaidi. Delmar amepita hapa mchana na zawadi, boksi la risasi ishirini za dukani, nzima, kama anavyompa kila mjukuu. Akamwambia, "Jumamosi alfajiri unapakia hizi, mbele yangu, nikuone." Lottie ameandika jina lake juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito. Alipotoka kucheza nililichukua boksi nikashuka nalo huku, nikaanza kutoa za dukani na kuingiza zangu. Nilikuwa nimebadilisha nne nikasikia Craig kwenye ngazi, "Mama Lottie! Unachoma nguo huko au unapika pombe?" Nikafunga boksi. Nikapanda nalo chini ya sweta. Sasa liko kwenye rafu ya Lottie, nne ni zangu, kumi na sita ni za kweli, na zimechanganyika kwa sababu liliniponyoka ngazini nikaziokota haraka haraka.

Naomba unijibu. Namba ya simu siwezi kuweka.

Ni mimi,
Mwenye kosa, ng'ambo ya kinamasi

*

Mama Lottie,

Kabla hujasoma mstari wa pili, weka gazeti chini, panda chumbani kwa mtoto, litoe lile boksi kwenye rafu, lifungie kabatini, na ufunguo utie mfukoni. Mimi nakusubiri.

Umerudi? Haya. Ile ndiyo hatari kubwa kuliko yote uliyoniandikia na wewe umeiweka mwishoni kama nyongeza. Mtoto wa miaka kumi na mmoja angeingiza mkono kwenye boksi gizani alfajiri, asijue kama anapakia risasi ya kumbembeleza au ya kumpasua nyusi mara ya pili, na darubini imepandishwa kwa ajili ya risasi nyingine. Hata wewe mjazaji mwenyewe leo hujui ipi ni ipi. Baba yako aliyekufundisha mizani angekunyang'anya hiyo meza, na ungestahili.

Barua yako imenifikia Jumatatu. Hukuweka simu, kwa hiyo njia pekee niliyonayo ya kukupata kabla ya Jumamosi ni gazeti hili. Majina nimeyabadilisha mara ya pili kama ulivyoniomba. Lakini tusidanganyane, dada yangu. Risasi kumi kwenye sahani za karatasi, katika wilaya hii, ni ukoo mmoja tu. Niliwaza sana usiku kucha kama niichapishe, nikaona afadhali wewe uaibike Jumatano kuliko mtoto aumie Jumamosi. Unikasirikie ukitaka. Nina ngozi ngumu.

Sasa nikuambie ninachokuonea huruma, maana nacho kipo. Mimi nilipeleka vyungu kwenye geti la kambi nyingine miaka ishirini na sita, na nilikuwa napiga bunduki vizuri kuliko wanaume watatu waliokuwa wanavipokea. Najua ile asante. Najua ukigeuza gari unavyoona moshi wa jiko lao kwenye kioo. Mzee aliposema "na mama yake aje", naamini ulianza kuwaza soksi hapo hapo, na mimi ningewaza. Kwa hiyo usiniambie baruti ile ulipunguza kwa ajili ya bega la mtoto peke yake. Bega la mtoto lingetosheka na ile bunduki ndogo ya dukani. Wewe nawe ulitaka kitanda kambini, ukamtanguliza mtoto akakufungulie.

Na uelewe kosa lako liko wapi, usije ukajuta kitu kisicho kosa. Kujaza risasi laini si kosa. Watu wenye akili wanawaanzishia watoto wao hivyo kila mwaka, ila wanawaambia. Bunduki ndogo nayo si aibu. Kulungu hasomi kilichoandikwa kwenye mtutu, na risasi ile ndogo iliyopigwa mahali pake na mtoto aliyefungua macho inamlaza chini haraka kuliko ile kubwa iliyopigwa na mtoto aliyefumba. Kosa lako ni yale maneno matatu, "Umepata nguvu, mwanangu." Ulimdanganya kuhusu mwili wake mwenyewe. Sasa anaamini maumivu ni uzembe wa Brock. Unamlea binti ambaye akimwona mwenzake analia atadhani mwenzake ni mnyonge, na wewe unapitisha bakuli la mchuzi!

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kuliandika katika ukurasa huu. Kijana wangu mkubwa tulimpa bunduki ya baba yake akiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ndiyo ya ukoo. Alimpiga kulungu jike tumboni. Tulifuata damu kwenye kinamasi siku mbili, mimi, yeye na baba yake, na jioni ya kwanza tulimsikia mnyama, hatukumwona. Siku ya pili tulimkuta bado anahema. Baba yake akammalizia. Kijana akarudi kwenye gari akaketi. Sasa ana miaka arobaini na moja, hajaingia msituni tena, na akija kwangu Novemba hukaa chumba kisicho na dirisha la upande wa miti. Hilo ndilo nililolifanya mimi kwa ajili ya bunduki ya ukoo. Bado linaniuma kama la jana.

Basi fanya hivi.

Leo, nasema leo Jumatano, nenda shuleni ukamtoe binti yako. Waambie ana daktari. Huo utakuwa uongo wako wa mwisho wa wiki hii. Mpeleke kwenye shimo la kokoto, nyinyi wawili tu, bila bunduki. Mwekee mkononi risasi mbili ulizozipima kwanza, yako na ya dukani, umwambie ni ipi na ni ipi, na umwambie tangu Agosti alikuwa anapiga ipi. Usimpe kupiga ile nzima ili "aone tofauti", tofauti anayo juu ya nyusi. Usianze na "nilifanya kwa sababu nakupenda". Hilo anajua, na ukilitanguliza atalazimika kukusamehe kabla hajakasirika.

Akimaliza kukasirika, mwulize anataka kuwinda au anataka kuingia kambini, kwa sababu ni vitu viwili na nyote mmevichanganya. Akisema kuwinda, pitieni dukani mkachukue ile iliyomkaa kama koti la shule. Alhamisi na Ijumaa apige risasi ishirini, za kawaida za bunduki ile, wewe pembeni yake, vizuia sauti masikioni. Mara moja moja mpakilie ganda tupu, safari hii akijua kwamba lipo, ila asijue ni lini. Mtutu ukitulia kwenye ganda tupu mara tano, yuko tayari, na asipige kulungu aliye mbali kuliko hatua themanini hata akiwa na pembe kama kiti cha kubembea. Mtutu usipotulia, Jumamosi akae na wewe na darubini ya mkononi, bila bunduki, aangalie. Desemba kuna siku za kuwinda majike. Hakuna mtoto aliyekufa kwa kungoja wiki tatu.

Bunduki ya mzee rudisha wewe mwenyewe, si Craig. Zungusha ile darubini mbele yake irudi ilipokuwa, mwambie ulivyoizungusha na kwa nini. Atapiga kelele. Mwache apige, ni darubini yake. Boksi la zawadi mrudishie pia, umwambie zile nne, kwa sababu mzee wa watu anaweza kupakia risasi hizo mwenyewe. Akikwambia usikanyage kambini, sema "sawa, Baba", na usilie mbele yake. Msitu wa serikali uko umbali wa dakika kumi na tano kutoka kwenu na hauulizi mtu ni binti wa nani. Baba yako alikufundisha ukiwa na miaka michache kuliko Lottie. Sijaona mahali popote katika barua yako ulipoandika kwamba yeye alikuwa na kambi.

Mumeo mwambie kabla ya mzee, jikoni, chai ikiwa mezani. Naye ana la kujibu. Alimwona mtoto ana jeraha juu ya nyusi akaridhika na habari za friji. Mtu aliyekulia kwenye ukoo ule anajua jeraha la umbo la mwezi mchanga juu ya jicho linatokana na nini. Mwulize alijua au hakutaka kujua, halafu nyamaza umsikilize.

Kuna Brock. Usimtume Lottie kwenda kumwomba msamaha, hajafanya kosa, aliamini alichoambiwa na mama yake. Wewe ndiye wa kwenda. Mwambie mtoto yule kwamba yeye alipiga kumi za kweli, na kwamba wewe ulikuwa unajua wakati wote ule alipokuwa anachekwa. Usimpelekee pai. Mkono mtupu.

Sasa mambo ya saa. Gazeti hili linafika kwenye masanduku ya barua ya upande wenu saa sita mchana, na naambiwa baba mkwe wako hulichukua mwenyewe. Shule inatoka saa tisa. Ukingoja itoke, Lottie atapanda basi na watoto ambao wazazi wao wameshasoma, na ataipata habari hii kwa mtu mwingine. Kwa hiyo vaa koti.

Na kule shimoni atakuuliza swali moja, najua atakuuliza kwa sababu ningeuliza mimi, na wewe ungeuliza. Hatauliza habari za kambi wala babu. Atakuuliza, "Mama, kwani ulidhani siwezi?"

Usimwambie hapana. Mwambie, "Ndiyo. Nilidhani huwezi." Kisha usiongeze neno lolote, mwache akutazame.